Lifti ya kumpandisha dereva kwenye trekta: maswali ya wasomaji

SWALI: Ndugu wahariri, kaka yangu amepooza kuanzia kiunoni baada ya ajali ya barabarani. Mikono yake ina nguvu zote. Trekta letu ni Massey Ferguson 375 lisilo na kibanda, na kabla ya ajali yeye ndiye aliyelima majaruba ya ukoo mzima. Klachi na breki zimeshafungwa vishikio vya mkono na anaendesha vizuri, shida ni kupanda. Vijana wawili humbeba na kumsukuma juu, na wiki iliyopita nusura wamwangushe. Tunataka kutengeneza lifti ya kufunga kwenye trekta. Tumepata winchi ya umeme ya kuvutia magari. Je, inafaa? Kaka ana kilo 82, kiti mwendo chake kina kimo cha sentimita 50, na kiti cha trekta kiko sentimita 125 kutoka ardhini.
Msomaji, Misungwi

JIBU: Ndugu yetu, winchi hiyo iacheni kwenye kazi yake ya kunasua magari. Watengenezaji wa winchi za aina hiyo wenyewe huonya kwamba zisinyanyue watu. Nyingi zina breki ndani ya ngoma ya kamba. Ukishusha mzigo, breki inasuguana na kupata moto, na ikishapata moto haishiki kama mwanzo. Isitoshe, mzigo wote unaning'inia kwenye waya mmoja, na waya wa chuma hukatika uzi mmoja mmoja ndani ya grisi, mahali jicho halifiki. Winchi ya mkono yenye meno na kabari nayo si salama zaidi: kabari ikiinuliwa mzigo ukiwa juu, kishikio huzunguka kwa kasi ya kuvunja mkono wa aliyekishika na kiti kinashuka kama jiwe.

Kanuni ya kuanzia ni hii: chombo cha kumnyanyua mtu lazima kisimame chenyewe pale kinapoachwa, bila breki, bila umeme na bila mafuta ya haidroliki. Kwa mafundi wetu, chombo rahisi chenye tabia hiyo ni parafujo ndefu yenye uzi wa trapeza, yaani meno mapana kama ya jiliwa au ya jeki ya skrubu. Parafujo ya kipenyo cha mm 24 inayopanda mm 5 kwa mzunguko mmoja hairudi nyuma kwa uzito wa mzigo, kwa kuwa mteremko wa meno yake ni kama digrii 4 tu na msuguano unaushinda. Nguvu inayohitajika nayo ni ndogo mno. Kwa mzigo wa kilo 150, kishikio cha urefu wa sm 15 kinazungushwa kwa nguvu ya takriban kilo 3. Gharama yake ni muda, maana kupanda sm 80 ni mizunguko 160.

Lakini msikate chuma kwanza. Tafuteni miti na mbao, jengeni mfano wa lifti kando ya trekta, wekeni kiti cha mbao juu ya matofali kwenye kimo cha mwisho, kisha kaka yenu ajaribu kuhama kutoka pale hadi kiti cha trekta huku watu wanne wakimlinda. Lifti nyingi za nyumbani hushindwa hapa. Uzito unapanda vizuri kabisa, ila juu magoti yanagonga usukani, au wenzo wa haidroliki unasimama katikati ya njia. Kosa hilo kwenye mbao linarekebishwa kwa nyundo. Kwenye chuma mtaanza upya.

Vipimo vyenyewe vinatokana na jambo dogo ambalo wengi hulisahau: mtu anayejihamisha kwa mikono huhama kwa urahisi akielekea chini kidogo. Kwa hiyo anapotoka kwenye kiti mwendo cha sm 50, kiti cha lifti kiwe sm 48. Juu, kifike sm 128 ili ateremkie kwenye kiti cha trekta cha sm 125. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: asimamishe lifti kwenye sm 122 ndipo ahamie, na chini asimame kwenye sm 52. Safari nzima ni sm 80. Pengo la juu livukwe kwa ubao wa kuhamia wa urefu wa sm 70 na upana wa sm 25. Mninga wa sm 2 unafaa, ukichongwa kingo na kupigwa msasa hadi uteleze.

Mlingoti ni chaneli mbili, yaani vyuma vya umbo la U, za mm 75 kwa 40, kila moja urefu wa sm 145, zikitazamana kwa umbali wa mm 200. Chaneli moja ya mita 6 inatosha na kubaki. Kati yake kinapita kigari, yaani fremu ya flatibaa ya mm 50 kwa 10 yenye beringi nne zinazotembea ndani ya chaneli, mbili juu na mbili chini. Umbali kati ya beringi za juu na za chini uwe sm 45. Msiupunguze, sababu ipo kwenye jibu tulilompa fundi wa Magu hapa chini. Pimeni nafasi ya ndani ya chaneli kabla ya kununua beringi, na beringi iwe na mwanya usiozidi mm 1. Namba 6205 ina kipenyo cha nje cha mm 52. Chaneli nyingi zina mteremko upande wa ndani wa mbavu, kwa hiyo beringi hukanyaga ukingo tu na kuula. Chomeleeni flatibaa nyembamba ndani ili njia iwe bapa.

Ncha ya chini ya mlingoti isiwe chini ya sm 40 kutoka ardhini, la sivyo tuta la kwanza la jaruba litaipinda. Ndiyo maana kiti hufungwa karibu na sehemu ya chini ya kigari. Kiti kikae kwenye mkono wa sm 45 wenye bawaba ya bomba zito, ili kikifika juu kizunguke kuelekea trekta. Bawaba hiyo iwe na pini ya kufungia inayodondoka tunduni kwa uzito wake yenyewe, na matundu yawe mawili tu: kutazama nje na kutazama ndani. Pini ya kusukumwa kwa mkono itasahaulika siku moja.

Parafujo ining'inie kutoka juu. Hapo uzito unaivuta badala ya kuibana, na kitu kirefu chembamba kikivutwa hakipindi. Kichwa chake kikerezwe hadi mm 20 na kikae juu ya beringi ya kubeba uzito wa wima, namba 51104. Karakana za Nyakato jijini Mwanza, eneo walipo VETA (chuo cha ufundi) na SIDO (shirika la viwanda vidogo), zina mashine za kukereza. Mwambieni mkerezaji kwamba mnataka uzi wa trapeza wa mm 24 kwa 5, asije akawakatia uzi wa bolti ya kawaida. Nati kuu iwe ya bronzi, ile ya kutengenezea bushi, urefu wa mm 50. Isichomelewe kwenye kigari. Iwe ndani ya kisanduku kinachoizuia kuzunguka, na kigari kikae juu yake.

Chini ya nati kuu wekeni nati ya pili, ya akiba, ikiacha mwanya wa mm 4. Nati hii haibebi chochote, inafuatana tu na ile ya kwanza. Meno ya nati kuu yakilika, nati hiyo hushuka na mwanya unapungua, na yakikatika kabisa kigari hushuka mm 4 na kusimama. Pimeni mwanya kila mwezi kwa vipande vya bati vya unene unaojulikana. Ukipungua kwa mm 1, badilisheni nati kuu na msingoje msimu uishe. Mafundi wengi watawaambia nati ya akiba ni kupoteza shaba. Msiwasikilize: ndiyo sehemu pekee ya lifti nzima iliyowekwa kwa ajili ya siku mbaya.

Kufunga mlingoti kwenye trekta kunahitaji nidhamu. Uwe upande wa kushoto, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Tumieni sahani za unene wa mm 12 zinazokumbatia kasha la ekseli ya nyuma, zikibanwa kwa bolti nne za M16 zilizoandikwa 8.8 kichwani, pamoja na mkono wa kuegemeza unaokwenda mbele hadi kwenye matundu ya bolti yaliyokuwapo tayari. Msichomelee kwenye gia boksi wala kasha la ekseli, kwani ni chuma cha kusubu na hupasuka kando ya mchomeleo. Fremu ya kinga dhidi ya kupinduka nayo isitobolewe wala kuchomelewa. Madigadi ni bati tu, hayabebi mtu.

Kuizungusha parafujo, motor ya waipa, ile ya kufutia kioo cha gari, ya volti 12 inatosha, ikiunganishwa kwa cheni ya baiskeli na sproketi mbili za meno sawa. Kwenye mwendo wake mdogo atapanda kwa dakika 3 hadi 4. Motor ya lori ni ya volti 24. Kwenye betri ya trekta itajikongoja. Swichi nzuri ni ile ya kupandishia vioo vya madirisha ya gari, kwa sababu inageuza mkondo yenyewe na ukiiachia inakata. Fyuzi ya ampia 15 ikae karibu kabisa na betri, waya uwe wa mm 4 za mraba. Kila mwisho wa safari wekeni swichi ndogo ya kukata umeme, na sambamba nayo daiodi ya ampia 10 inayoruhusu mkondo wa kurudi tu. Bila daiodi hiyo lifti itafika juu na kukataa kushuka. Swichi ya tatu iwe kati ya kigari na nati, ikate umeme wa kushuka mara kigari kinapoacha kuigandamiza nati, maana yake kiti kimekalia kitu. Nyingine iwe kwenye waya wa stata, ili injini isiwake hadi kiti cha lifti kikunjwe na kufungwa.

Kuna mtego hapa. Waipa nyingi huchukua hasi kupitia mwili wake. Mkiigeuza kwa swichi ya vioo, chanya itaingia kwenye mwili wa trekta na fyuzi italipuka. Kuweka washa za mpira chini ya motor hakusaidii, kwa kuwa umeme utapita kwenye shafti, cheni na parafujo. Fungueni motor, ondoeni kiungo cha hasi kwenye kasha, kitoeni nje kwa waya wake. Kisha hakikisheni kwa mita kwamba hakuna waya unaogusana na mwili.

Betri ikifa akiwa katikati, sproketi ya motor iwe na pini inayochomolewa, na kichwa cha parafujo kiwe cha pembe nne cha kuingia spana, maana waipa haizungushwi kinyumenyume kwa mkono. Spana hiyo ifungwe kwa mnyororo juu ya mlingoti. Kuanzia nusu ya safari kaka yenu anaifikia mwenyewe. Chini ya hapo atahitaji mtu.

Siku ya majaribio asipande mtu. Funga madumu manane ya lita 20 yaliyojaa maji, ambayo ni kilo 160, karibu mara mbili ya uzito wake. Pandisha hadi nusu, zima kila kitu, piga chaki kwenye chaneli na subiri dakika 10. Chaki isisogee hata kidogo. Baada ya hapo punguza hadi madumu matano na uipandishe na kuishusha lifti mara 20, ukigusa motor kila safari ya tano. Ikiwa huwezi kuishikilia kwa kiganja, iache ipoe na utafute kinachosugua. Mwisho sogeza madumu yote ukingoni mwa kiti uone kama mkono unapinda.

Na kwa kila siku: trekta likiwa mahali tambarare, injini imezimwa, gia imeingizwa, breki ya mkono imevutwa. Pakiwa na mteremko, upande wa lifti uwe wa juu. Mkanda wa kiti ufungwe, na mashavu ya miguu yafungwe kwa mkanda wa pili. Kabla ya kubonyeza swichi atazame nyayo zake kwa macho, kila mara, kwa sababu mguu usiohisi ukinasa kati ya kikanyagio na jiwe hautapiga kelele. Dakika 3 ni nyingi pia moto ukitokea. Kizimamoto cha unga kiwe mahali mkono wake unapofika akiwa amekaa, na asilime peke yake mbali na watu.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nilitengeneza lifti ya parafujo kwa jirani. Ikiwa tupu inapanda laini, akikaa mtu inakwama katikati na nati inalia. Baada ya wiki tatu meno ya nati yamelika. Umbali kati ya beringi za juu na za chini ni sm 15, mkono wa kiti ni sm 50. Kosa liko wapi?
Fundi, Magu

JIBU: Fundi, umelitaja mwenyewe. Mtu wa kilo 100 akikaa sm 50 kutoka kwenye mlingoti, kigari kinataka kupinduka kuelekea nje, na beringi ndizo zinazokizuia. Chukua 100, zidisha kwa 50, gawa kwa 15: kila jozi ya beringi inasukumwa kwa kilo 333. Uweke umbali wa sm 45 na hesabu inashuka hadi kilo 111. Kwa kilo 333 mbavu za chaneli zinafunguka kidogo, kigari kinalala upande, na nati inaisukuma parafujo kwa ubavu badala ya kunyanyua. Kelele unayoisikia ni hiyo. Kwa kanuni ya jumla, umbali wa beringi usiwe mdogo kuliko urefu wa mkono, au angalau ukaribiane nao sana.

Hata ukirefusha kigari, pima tena chaneli zako. Mchomeleo unapopoa huvuta, na chaneli mbili zilizokuwa sambamba asubuhi zinakuwa zimekaribiana katikati jioni. Pima umbali kati yake kila baada ya sm 20, tofauti isizidi mm 1. Ukitengeneza upya, kata vipande vinne vya bomba vya urefu sawasawa uviweke kati kama vipimo, gusisha kwa nukta kwanza, kisha chomelea vipande vifupi kwa kupokezana, juu kushoto, chini kulia, ukiacha chuma kipoe. Ndani ya njia ya beringi usipake rangi. Paka mafuta.

Nati mpya iache iwe na mchezo wa mm 2 kila upande ndani ya kisanduku chake. Mafundi wazuri hupenda kitu kibane, lakini hapa kubana ni hasara, kwa kuwa parafujo na mlingoti haviwi sambamba kamilifu kamwe. Chunguza pia kama kuna matone ya kulehemu kwenye meno ya parafujo. Tone moja dogo hukwangua bronzi kila linapopita. Unapochomelea, ivishe parafujo kitambaa kilicholowa.

Jambo jingine linahusu trekta lenyewe. Kabla ya kulehemu chochote kilichokwisha fungwa juu yake, toa vichwa vya betri na nyaya za alteneta, na klempu ya hasi ya mashine ibane karibu kabisa na unapochomea. Ukiibana kwenye gurudumu la upande wa pili, umeme utapita ndani ya beringi za ekseli na kuzitoboa vidoa ambavyo utavisikia msimu ujao.

Kwa huku ziwani na kwenye udongo wa mbuga, adui wa parafujo ni vumbi jeusi likichanganyika na grisi, kwani hugeuka msasa. Ivalishe mfuko wa turubai unaojikunja, ifute kila Jumamosi kwa kitambaa chenye dizeli, kisha paka oili nyepesi. Grisi nene iwe ya beringi ya juu tu.

SWALI: Mume wangu alikatwa mguu wa kushoto juu ya goti. Anatembea kwa magongo na ana nguvu. Fundi anataka kumtengenezea lifti kama za wazungu na bei ni kubwa. Je, ni lazima?
Mama, Sengerema

JIBU: Hapana mama, si lazima. Mwenye mguu mmoja mzima na mikono miwili hahitaji kunyanyuliwa. Anahitaji ngazi ya haki. Ngazi ya kiwandani huanza juu mno kwake. Fundi aongeze vidato ili kila kimoja kiwe na kimo cha sm 20 hadi 25, upana wa sm 40 na kina cha sm 30, mguu na gongo vienee pamoja. Vikanyagio viwe vya wavu mzito wa chuma. Sahani bapa hushika tope la mbuga na kuteleza kama sabuni, lakini kwenye wavu tope hudondoka. Kidato cha chini kabisa kining'inizwe kwa vipande viwili vya mkanda mnene wa mpira, ili kikigonga tuta kijikunje na kurudi. Pande zote mbili pawe na vishikio vya bomba la inchi 1 vinavyoanzia kwenye kimo cha kiuno akiwa chini hadi kifuani akiwa juu, na ndoano mbili za kutundikia magongo mahali asipoweza kuyaangusha akiyafuata.

Pesa itakayobaki itumike kwenye klachi, kwa sababu hapo ndipo mguu wa kushoto unapofanyia kazi. Bomba linafungwa kwa bolti kwenye mkono wa kanyagio na kupanda hadi kiganja cha kushoto. Kama kanyagio liko sm 30 kutoka kwenye ekseli yake na kiganja kitakuwa sm 60, nguvu inapungua nusu lakini mwendo wa mkono unakuwa mara mbili. Fundi akizidi hapo, mume wako atalazimika kuinama hadi kwenye bonneti ili kumaliza klachi. Trekta nyingi za Massey Ferguson zina klachi ya hatua mbili: nusu ya kwanza husimamisha mwendo, na hadi mwisho husimamisha shafti ya nyuma inayozungusha mashine. Kishikio lazima kifike hatua ya pili kwa ukamilifu. Kikiishia njiani, shafti itaendelea kuzunguka huku yeye akiamini imesimama.

Mwambie fundi aweke springi ya kurudisha kishikio. Uzito wa bomba pekee hukandamiza klachi kidogo muda wote, na beringi ya klachi inakwisha mapema bila mtu kujua kwa nini. Baada ya kufunga, mchezo wa kanyagio upimwe upya kulingana na kitabu cha trekta. Usukani uwekewe kifundo cha kuzungushia kwa mkono mmoja. Mazoezi ya kwanza yafanyike uwanja wazi, gia ya chini kabisa, bila plau.

SWALI: Shikamooni wahariri. Baba hawezi kutembea. Mimi nimefikiria kufunga jukwaa kwenye mikono ya nyuma ya trekta, ile ya kunyanyulia plau, apande nalo halafu ahamie kwenye kiti. Bei yake ni sifuri. Mnaonaje?
Kijana, Kwimba

JIBU: Marahaba kijana wetu. Wazo lako ni la mtu anayetumia akili, lakini usilifanye. Mikono ile inapanda injini ikiwa inawaka, na inashikiliwa na mafuta yaliyobanwa na sili ya raba. Sili ikichoka hushuka polepole. Mtu akigusa wenzo, hushuka ghafla. Baba yako atakuwa hapo juu, nyuma ya magurudumu makubwa, karibu na shafti ya nyuma ambayo ikinasa nguo haimwachi mtu, na anayeshika wenzo atakuwa hamwoni vizuri. Beleshi la mbele la trekta lina kasoro zilezile, na huweza kumwinamia mtu akamwagika.

Kama pesa ni tatizo kweli, jengeni gati. Mahali trekta linapolala, pandisheni jukwaa la mawe na udongo lenye ukuta imara, kimo chake kikiwa chini ya kiti cha trekta kwa sm 50, ambacho ndicho kimo cha kiti mwendo. Kama kiti cha trekta ni sm 125, jukwaa liwe sm 75. Njia ya kupandia iwe na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 12, hivyo kwa sm 75 inakuwa na urefu wa mita 9. Mawe Mwanza hayanunuliwi mbali. Wekeni ukingo wa sm 10 pande zote ili gurudumu lisitoke, na gogo ardhini la kuonyesha trekta lisimame wapi. Kasoro yake ni kwamba akipanda nyumbani hawezi kushuka shambani, kwa hiyo mpangie mtu wa kuwa naye na saa za kurudi.

SWALI: Majirani wanasema aliyepooza kulima kwa trekta ni kujitafutia kifo, na kwamba hakuna mahali duniani linafanyika. Ni kweli?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Si kweli. Marekani, Chuo Kikuu cha Purdue kilianza kazi ya kuwasaidia wakulima wenye ulemavu mwaka 1979, na sheria ya kilimo ya nchi hiyo ya mwaka 1990 ilifungua mpango wa taifa uitwao AgrAbility, ambao hadi leo hushughulikia mambo haya haya ya lifti, ngazi na vishikio vya mkono. Hapa kwetu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya kufanya kazi. Majirani wana hoja moja tu ya kusikilizwa, nayo ni ngozi. Asiyehisi makalio hapati onyo la kusogea, na kiti cha trekta kinachotikisika hutengeneza kidonda ndani ya saa chache, kidonda cha kulaza mtu miezi. Atumie mto wa sponji ngumu wa sm 8 hadi 10 usio na mshono katikati, ajiinue kwa mikono kila baada ya dakika 15 hadi 30, na jioni aangaliwe ngozi kwa kioo. Kasha la gia linalopita kati ya miguu hupata moto wa kuunguza bila yeye kujua, kwa hiyo lifunikwe kwa mpira mnene au turubai lililokunjwa mara nne. Wekundu usiotoweka baada ya nusu saa akiwa amelala kifudifudi ni ishara ya kukaa nje ya trekta hadi upone. Na kabla ya msimu aende Bugando au hospitali ya wilaya, kwenye mazoezi tiba, waangalie mkao wake na nguvu ya mabega. Akienda, abebe vipimo vya kiti cha trekta alivyoviandika kwenye karatasi.